Umemaliza kufunga hesabu na umechoka: likizo ndefu, likizo fupi, au kubaki ofisini kwa mwendo mdogo?

Kwa mhasibu wa taasisi ya umma Tanzania, mwaka wa fedha unaisha Juni 30, lakini hapo ndipo kazi inapopamba moto. Taarifa za fedha zinatakiwa zimfikie Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali ndani ya miezi mitatu. Kwa hiyo Julai, Agosti na Septemba ni miezi ya kusuluhisha akaunti za benki (kulinganisha vitabu vya ofisi na taarifa za benki), kuhakiki mali za kudumu, kusaka hati za malipo zisizo na viambatisho, na kula wali wa mama ntilie juu ya meza ya kazi wakati walinzi wa usiku wameshaingia zamu. Mwenzake wa kampuni binafsi anayefunga Desemba 31 anapitia hayohayo kuanzia Januari. Wote wawili wanafika mwisho wakiwa hoi, na wanajiuliza jambo moja: nipumzike vipi ili nikirudi niwe mtu wa kazi tena?

Kwenye vitengo vya fedha nilivyofanyia kazi nimeona njia tatu zikitumika. Kuna wanaochukua likizo yote kwa mkupuo na kwenda kwao. Kuna wanaochukua siku chache na kuziweka nyingine akiba. Na kuna wanaobaki ofisini, wakisema watapumzika hukohuko maana kazi imepungua. Kila njia ina watu iliowafaa na watu iliowaacha palepale walipokuwa. Wengi huchagua kwa kuangalia kalenda na nauli. Mimi nasema tuanze na kuangalia uchovu wenyewe ni wa namna gani, kwa sababu uchovu wa aina moja hauponi kwa dawa ya mwingine.

Kwanza ujue umechoka nini

Uchovu wa kwanza ni wa usingizi, na huu unadanganya sana. Mwaka 2003 watafiti wa Marekani walichapisha matokeo ya jaribio ambalo baadhi ya watu walilala saa sita kila usiku kwa wiki mbili. Mwishoni umakini wao ulikuwa umeshuka hadi kufanana na wa watu waliokesha usiku mzima, hata usiku miwili mfululizo. Wao wenyewe, walipoulizwa, walijiona wana usingizi kidogo tu. Saa sita ndizo wengi wetu tunazopata msimu wa kufunga hesabu, tena kama foleni imekuwa na huruma. Ukisikia mtu anasema ameshazoea kulala kidogo, kumbuka jaribio hilo.

Mhasibu ana kipimo chake cha uchovu huu, na hakihitaji daktari. Mizania ikikataa kulingana, yaani jumla za pande zake mbili zikipishana, tunachukua tofauti na kuigawa kwa 9. Ikigawanyika bila baki, mara nyingi kuna mahali tarakimu mbili zimepishana: hati inasema 1,853,000, wewe umeingiza 1,583,000, tofauti ni 270,000. Kosa hilo linaweza kumpata yeyote siku yoyote. Lakini likianza kujitokeza kila siku kwenye kazi ya mtu ambaye kwa kawaida mkono wake ni safi, ujue hakuna uzembe pale. Ni kichwa kinachodai usingizi wake.

Uchovu wa pili ni wa akili isiyozimika. Umelala, hata saa nane zimetimia, ila katikati ya usingizi umeamka saa tisa usiku ukikumbuka salio la wadaiwa, na ukiwa kanisani au msikitini bado unaandaa majibu ya hoja ya ukaguzi. Hapa kulala zaidi hakutatui kitu. Watafiti wa saikolojia ya kazi Sabine Sonnentag na Charlotte Fritz, mwaka 2007, walitaja mambo manne yanayomrudishia mtu nguvu nje ya kazi: kuachana na kazi kimawazo, kutulia, kujifunza au kufanya kitu kinachokupa ushindi mdogo, na kuwa na mamlaka juu ya muda wako mwenyewe. La kwanza ndilo gumu kuliko yote kwa mtu mwenye makundi matano ya WhatsApp ya ofisi.

Uchovu wa tatu ni moyo kupoa. Kazi uliyokuwa ukiiheshimu unaiona ya bure, wenzako wanakukera kwa salamu tu, na unahisi hata ukijitahidi hakuna unachokifanya kikafaa. Shirika la Afya Duniani mwaka 2019 liliingiza hali hii kwenye orodha yake ya kimataifa ya magonjwa na matatizo ya kiafya kama tatizo linalotokana na msongo wa kazi wa muda mrefu usioshughulikiwa, kwa dalili hizohizo tatu: kuishiwa nguvu, kujitenga na kazi kimawazo au kuidharau, na utendaji kushuka.

Likizo ndefu, kwa wale wanaoondoka kabisa

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inampa mfanyakazi wa Tanzania likizo ya mwaka ya siku 28 mfululizo, na sikukuu zikiangukia humo zinahesabiwa ndani yake. Kenya, Sheria ya Ajira ya 2007 inatoa siku za kazi zisizopungua 21 baada ya miezi 12 ya utumishi. Ukihesabu vizuri, Mkenya anayefanya kazi siku tano kwa wiki anapata muda zaidi kidogo, maana 28 za Tanzania zinameza Jumamosi na Jumapili.

Ubora wa likizo ndefu uko kwenye umbali. Mtu wa Bukoba au Kigoma anayefanya kazi Dar es Salaam hawezi kwenda kwao kwa siku tano. Njia peke yake inakula siku za kwenda na za kurudi. Kwa mtumishi wa umma ambaye mwaka huu ni zamu yake ya kulipiwa nauli ya likizo, inayotolewa kila baada ya miaka miwili, kuigawa likizo hiyo ni kupoteza. Na kwa mwenye uchovu wa moyo, wiki moja haitoshi kabisa. Anahitaji muda wa kutosha kuona maisha yake bila ofisi, amuone mama yake, alale kwenye kitanda cha zamani, asikie watu wakizungumzia kahawa na mvua badala ya bajeti.

Ila nina la kusema kuhusu kijijini, hasa kwa wanawake. Nimewaona dada zangu wa kazini wakirudi kutoka likizo wamechoka kuliko walivyoondoka, na sababu inajulikana na kila mtu. Ukifika tu, wewe ndiye mama wa nyumba. Kuni, maji, wageni wanaokuja kukuona kwa sababu umetoka mjini, msiba wa jirani ambao huwezi kuukwepa, kikao cha harusi ya binamu ambacho kimekusubiri wewe na mchango wako. Shangazi anakupokea kwa upendo wa kweli: "Mwanangu umekonda, kaa upumzike," halafu kabla hujamaliza kuitikia anakuomba umsaidie kumenya ndizi za watu ishirini. Mwanaume aliyekaa kwenye benchi nje akinywa mbege na wajomba anapumzika. Dada yake aliye jikoni yuko zamu.

Sisemi usiende. Nasema ukienda, tenga siku za mwanzo kabla ya kufika. Wapo wanaobaki mjini siku mbili bila kumwambia mtu kwamba likizo imeanza, wanalala, ndipo wanakata tiketi. Na wapo wanaoongea na mama mapema, kwa heshima zote: "Mama, safari hii nimechoka mwili, naomba siku tatu za kwanza nilale, baada ya hapo nipo." Wazazi wengi wanaelewa kuliko tunavyodhani, maana wao wenyewe walishavuna na kupalilia hadi mgongo ukagoma.

Tatizo la pili la likizo ndefu ni la kiutafiti, na linawashangaza watu. Jessica de Bloom na wenzake huko Uholanzi, kwenye utafiti uliochapishwa 2013, walifuatilia wafanyakazi 54 waliochukua likizo za wastani wa siku 23. Hali zao zilipanda haraka mwanzoni, zikafika kileleni karibu siku ya nane, na ndani ya wiki ya kwanza ya kurudi kazini walikuwa wamerudi walipokuwa. Wiki mbili za ziada hazikuwapa kinga ya kudumu. Kama unatumia siku zote 28 mwezi Oktoba ukitegemea zikubebe hadi Septemba inayofuata, hazitakubeba.

Likizo fupi, siku nane hadi kumi

Hii ndiyo ninayoipendekeza kwa walio wengi, na utafiti huo wa Uholanzi ni sababu mojawapo. Siku nane zinatosha kufika kileleni, na zile ishirini zilizobaki zinakupa mapumziko mengine mawili ndani ya mwaka. Sheria ya Kenya inaruhusu likizo kugawanywa kwa ridhaa ya mfanyakazi, lakini inataka walau sehemu moja iwe ya wiki mbili za kazi bila kukatwa, isipokuwa kama mkataba unasema vingine. Nadhani waliotunga kifungu hicho waliwajua waajiri. Tanzania sheria inazungumzia siku mfululizo, ingawa maofisini watu wanazigawa kwa makubaliano. Hakikisha makubaliano hayo yako kwenye fomu ya likizo, yasiwe ya mdomo.

Siku mbili za kwanza ni za usingizi. Usipange safari, usipange fundi, usipange kwenda benki. Baada ya hapo toka nyumbani, hata kama si mbali. Kwa mtu wa Dar es Salaam, tangu treni ya SGR ianze kubeba abiria mwaka 2024, Morogoro ni chini ya saa mbili, na hewa ya Uluguru haina uhusiano wowote na hewa ya Posta mchana. Bagamoyo iko karibu zaidi. Mwenye bajeti ndogo anaweza kulala kwake na kutoka asubuhi tu. Kinachotakiwa ni macho yaone kitu kingine na miguu itembee.

Udhaifu wa likizo fupi ni simu. Mtu akiondoka mwezi mzima, ofisi inamteua wa kukaimu. Akiondoka siku nane, wanasema "si anarudi Jumatatu," na kila jambo linamfuata hukohuko. Saa nne asubuhi uko ufukweni na mwanao, simu inaita: "Samahani sana dada, najua uko likizo, ni swali dogo tu, ile stakabadhi ya amana uliiweka faili gani?" Swali ni dogo kweli. Lakini ukishalijibu, umesharudi ofisini, na itachukua sehemu nzima ya asubuhi kichwa kitoke tena. Kama ulikuwa na ule uchovu wa akili isiyozimika, simu mbili za namna hiyo kwa siku zinatosha kuifanya likizo isiwe likizo.

Sheria ya Tanzania iko upande wako hapa: mwajiri haruhusiwi kumtaka, wala kumruhusu, mfanyakazi afanye kazi yake akiwa kwenye likizo ya mwaka. Lakini huwezi kumsomea bosi kifungu kwenye simu. Kinachofanya kazi ni makabidhiano ya maandishi kabla ya kuondoka: karatasi moja inayosema faili ziko wapi, nani ana ufunguo wa kabati, malipo gani yanasubiri saini ya nani, na jina la mtu mmoja wa kuulizwa. Ongeza mstari mmoja: kwa jambo la dharura kabisa, mpigie mkuu wa kitengo, yeye ataamua kama nitafutwe. Ukiweka mtu katikati, maswali tisa kati ya kumi yanapata majibu yenyewe.

Na angalia tarehe. Kwa wenzetu wa kampuni binafsi Tanzania, mwezi una vilima viwili: tarehe 7, siku ya mwisho ya kuwasilisha kodi ya mishahara ya mwezi uliopita, na tarehe 20, ritani ya VAT. Anayerudi tarehe 18 anarudi kuzimu. Ukiondoka tarehe 8 na kurudi 16 una pumzi ya siku chache kabla ya VAT. Ukiondoka 21 na kurudi mwanzoni mwa mwezi una nafasi nzuri zaidi, ila mishahara inaandaliwa ukiwa haupo, kwa hiyo orodha ya malipo ikabidhiwe mapema kwa mtu anayeijua. Kwa wa taasisi za umma hesabu ni nyingine: dirisha liko kati ya kuwasilisha taarifa mwisho wa Septemba na wakaguzi kukaa vizuri na kuanza kutoa hoja. Dirisha hilo ni jembamba. Anayeomba mwezi mzima hapo ana uwezekano mkubwa wa kuambiwa asubiri, na akisubiri atajikuta Aprili hajapumzika.

Kubaki ofisini kwa mwendo mdogo

Njia hii naitaja kwa sababu wengi hawana hiari. Mwenye mkataba wa muda mfupi, aliyemaliza siku zake kwa kuuguza mzazi, mhasibu pekee wa shule au zahanati, hao wanabaki.

Inaweza kufaa kwa uchovu wa usingizi peke yake, na kwa masharti. Toka ofisini saa kumi jioni kila siku, bila ubishi, kwa wiki tatu. Kazi nzito ya namba ifanywe asubuhi, kuanzia saa mbili hadi saa tano, mchana ubaki wa kupanga mafaili na barua. Chai na kahawa ziishie saa nane mchana, maana kafeini inachukua saa kadhaa kutoka mwilini. Kama kuna mahali pa kulaza kichwa baada ya chakula, dakika ishirini zinasaidia kweli. Marubani wa safari ndefu waliofanyiwa utafiti na NASA walilala wastani wa dakika 26 na wakawa macho zaidi kuliko wenzao waliokosa nafasi hiyo. Ukipitiliza saa nzima unaamka mzito.

Kinachoniogopesha kuhusu njia hii ni kwamba mwendo mdogo haudumu. Wiki ya pili tu mtu anayeonekana ana nafasi anapewa kazi ya aliyekwenda likizo. Sheria ya Tanzania inaweka saa 45 za kawaida kwa wiki, na saa za ziada zisizozidi 50 ndani ya wiki nne. Ukizitumia zote wastani wako ni saa 57 na nusu kwa wiki. Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani na Shirika la Kazi Duniani walitoa makadirio kwamba kufanya kazi saa 55 au zaidi kwa wiki kunaambatana na hatari ya kiharusi iliyo juu kwa asilimia 35, ukilinganisha na saa 35 hadi 40. Kwa hiyo mtu anaweza kuwa ndani ya sheria na bado anajiumiza. Kwa mwenye uchovu wa moyo sishauri njia hii hata kidogo.

Wiki ya kurudi

Hapa ndipo likizo nyingi zinapofia, na njia zote tatu zinakutana.

Rudi Jumatano ukiweza. Siku tatu za kazi, halafu mwisho wa wiki unakupokea. Anayerudi Jumatatu anakabiliwa na siku tano kamili wakati mwili bado uko Morogoro. Siku ya kwanza usianze na barua pepe kutoka ya juu hadi ya chini. Kaa nusu saa na aliyekukaimu, akwambie yaliyotokea. Sehemu kubwa ya barua zile zitakuwa zimeshajibiwa au zimepitwa na wakati.

Chagua kazi moja yenye mwisho unaoonekana, kama usuluhishi wa akaunti moja ya benki ya mwezi mmoja. Ikimalizika kabla ya saa sita, umepata ule ushindi mdogo. Malipo makubwa ya siku hizo mbili tatu za mwanzo mwombe mwenzako ayapitie kabla hujayaidhinisha. Halafu linda jioni zako za wiki hiyo kama ulivyolinda likizo, kwa sababu kama siku ya kurudi umetoka saa mbili usiku, umeufuta mwezi mzima kwa siku moja.

Ikiwa hakuna njia inayofaa

Kuna uchovu ambao si wa likizo. Usingizi umekataa kwa wiki mbili hata muda upo, unalia bila sababu, kifua kinabana, hakuna kinachokufurahisha, au umeanza kuwaza kwamba afadhali usiwepo. Hapo nenda hospitali, na kwa hilo la mwisho nenda leo, ukiwa na mtu unayemwamini. Usitumie likizo ya mwaka kwa kuugua. Sheria ya Tanzania inatoa siku 126 za ugonjwa ndani ya mzunguko wa miezi 36, 63 za kwanza kwa mshahara kamili na 63 zinazofuata kwa nusu mshahara, ukiwa na cheti cha daktari. Mwajiri haruhusiwi kuzikata kwenye likizo yako ya mwaka. Nimewaona watu wakiugua kimya kwa siku zao za kupumzika kwa sababu waliona aibu kupeleka cheti kinachosema msongo. Hakuna aibu hapo.

Kwa wakuu wa vitengo nina ombi. Ratiba ya kupishana likizo ipangwe Agosti, kabla watu hawajaishiwa nguvu za kuomba, na jina la kwanza kuondoka liwe la yule aliyebeba mzigo mkubwa wa kufunga hesabu. Kwa kawaida ndiye wa mwisho kuomba.